Kaa Kitako kwa Tahadhari

Mgeni akija Garsen huonywa mambo mawili: mamba na mbu. Viti hakuna anayevitaja. Basi utamkuta mtu kajihadhari na mto tangu alfajiri, usiku kachomeka chandarua pande zote nne, halafu anakuja kuangushwa sebuleni mchana kweupe, kikombe cha chai mkononi, mbele ya wakwe.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya viti vya kamba, na najua ninachosema. Kila kiti chetu kilikuwa na tabia yake. Cha dirishani kilikuwa cha watu wembamba. Cha mlangoni kilitaka ukalie upande wa kushoto, maana kulia palishalegea. Cha marehemu babu kilimpokea kila mtu bila ubaguzi, ila kuinuka humo kulihitaji vijana wawili wenye nguvu. Mama aliwapanga wageni kama utingo wa matatu ya Malindi: "Wewe mwanangu pita dirishani. Shemeji, njoo hapa mlangoni, jivute kidogo kushoto. Bi mkubwa, wewe mkeka ndio stahili yako." Wageni walidhani ni heshima. Ilikuwa hesabu ya kilo.

Hesabu hiyo iliharibika siku ulipokuja ujumbe kutoka Witu kumposa dada yangu. Mshenga alikuwa mzee mnene, mwenye sauti na methali za kutosha hadi magharibi. Mama alimwelekeza kwenye mkeka. Akakataa kwa adabu, akisema magoti yake hayakunjiki. Kabla mtu hajasema neno, akashuka na uzito wake wote kwenye kiti cha dirishani.

Sasa, kiti cha kamba hakina papara. Kamba moja hukatika, jirani zake wakabeba mzigo wake. Halafu ya pili, halafu ya tatu. Mshenga alianza hotuba macho yake yakiwa sawa na ya baba. Alipofika kwenye kusifu ukoo wa kijana, tulisikia mlio wa kwanza, krrr, naye akapungua kimo. Kwenye elimu ya kijana akapungua tena. Ilipotajwa mahari, magoti yake yalikuwa karibu na masikio na kidevu kikimgusa kifua. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa mila haziruhusu, ingawa shangazi alikwenda jikoni kufuata sukari iliyokuwa mezani. Baba naye alichukua nafasi yake. Mtu aliyekunjika namna ile hawezi kubishana bei. Kila kiwango kilichotamkwa, mzee aliitikia "sawa, sawa", alimradi mkutano uishe apate kuvutwa. Mpaka leo baba akisifu kazi ya fundi, husifu kwanza ile iliyokatika.

Kuwamba kiti ni kazi ileile ya kuwamba kitanda cha kamba, ila uwanja ni mdogo. Kitanda kina mifumbati miwili ubavuni, vitakizo viwili upande wa kichwa na wa miguu, na matendegu manne ya kubeba lawama zote. Kiti nacho kimejengwa vivyo hivyo kwa udogo wake. Kamba hutokana na majani machanga ya mkoma au ya mkindu, hupasuliwa, huanikwa, kisha huloweshwa kidogo ili yasikatike yakisokotwa. Kwenye hilo "kidogo" ndipo ufundi ulipo. Jani kavu hukukatikia mkononi. Jani lililoloa chepechepe huvimba na kujaa vizuri, kiti kikatoka kimekaza hata mwenyewe ukafurahi; likishakauka hunywea, kazi yote ikalegea. Kwa hiyo kiti kinachopendeza mno siku ya kwanza ndicho cha kutiliwa shaka.

Majani yenyewe hayana mwenyewe mmoja. Mkindu una mgombea mwingine huko juu ya mto Tana, katika hifadhi ya nyani iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wanyama wasiopatikana kwingine kokote duniani. Mangabei anapenda kindu kuliko sisi tunavyopenda viti. Fundi wetu, mzee ambaye mtaa mzima tulimwita Babu, aliiona dhuluma hapo: nyani anakula tunda na serikali inamlinda, yeye anataka jani tu na anaulizwa maswali.

Babu alikuwa na karakana chini ya mwembe. Kuta hazikuwepo. Viti vya wateja vilining'inia matawini, vingine kwa muda mrefu hadi ndege wakavizoea. Yeye mwenyewe alikalia dumu la mafuta ya kupikia. Ukimuuliza kiti chako kitakuwa tayari lini, alijibu kwamba kiti hakina haraka, mwenye haraka ni anayetaka kukaa. Tendegu likiwa limevunjika alichonga jingine la mathenge, mti ulioletwa Bura na Hola miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutupatia kuni, ukaamua kubaki na kuzaana bila kuulizwa. Mathenge ni mgumu, mchwa wanauogopa, na miiba yake hutoboa gurudumu la pikipiki. Watu wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi mbele ya mahakama Nairobi, ameng'oka meno kwa kula maganda ya mti huo, awe kielelezo dhidi ya serikali. Babu aliipenda sana kesi hiyo. Alisema ikiwa mbuzi ameweza kutoa ushahidi bila meno, hakuna kitu duniani kisichoweza kusema.

Mjomba wangu ndiye aliyeleta maendeleo. Alichoshwa na kamba za mkoma, akanunua nailoni ya nyavu za kuvulia, rangi ya buluu, akamwagiza Babu awambe viti vyake vyote. Nailoni haiozi. Pia haisamehe. Mjomba alipenda kukaa barazani na kaptura jioni, akisikiliza habari za redio, na alipoinuka nyuma ya mapaja yake palikuwa na miraba iliyopangika kuliko daftari la hesabu. Wageni wake walitembea mjini na chapa hiyo. Ukimwona mtu sokoni ana miraba, ulijua katoka kwa mjomba, na ukijua mjomba anamdai nani, ulijua pia mazungumzo yalichukua muda gani.

Kisha vikaja viti vya plastiki, vyepesi na rahisi, vikajaa kwenye harusi, matanga na mikutano ya wanasiasa. Hivi havina onyo. Kiti cha plastiki kikipigwa na jua la Garsen kwa miaka michache hukaa kimya kabisa, kinasubiri mtu wa maana. Diwani anasimama kushangiliwa, anaketi, na mguu wa nyuma unaondoka bila kuaga. Tulidhani Babu atakufa njaa. Kumbe alinunua msumari mrefu, akawa anaupasha moto, anatoboa matundu kandokando ya ufa, anashona plastiki kwa nailoni iliyobaki kwa mjomba. Mshono wake ulidumu kuliko kiti.

Ukisafiri hadi Lamu, kilomita mia na kitu kupitia Witu, utaona kazi hii hii imevishwa taji. Mle kwenye makumbusho kuna viti vya enzi, vya mbao nyeusi na nakshi za pembe za ndovu, vimewambwa kwa uzi kitako na mgongo, vilivyokuwa vya kukaliwa na wageni wa heshima. Nilimpeleka Babu akavione. Akaviinamia, akachungulia chini, mlinzi akakohoa. "Kazi nzuri," akasema, "lakini hiki hakijamwangusha mtu kwa sababu wamekataza kukikalia. Na mimi nikipewa mlinzi, kazi yangu itadumu miaka mia."

Kipimo chenyewe cha kiti, hata hivyo, ni mafuriko. Tana husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na Nyandarua hadi Kipini, na mabwawa ya Masinga na wenzake yakijaa huko juu, sisi wa bondeni ndio tunaopokea salamu. Novemba 2023 barabara ya Lamu ilikatika kule Gamba, abiria wakavushwa kwa boti. Mtaani kwetu viti viliondoka usiku bila nauli. Maji yalipopungua, kila mtu akawa anakalia kiti cha mwenzake. Vya plastiki havikuwa na kesi: vyote ni mapacha, na aliyekiokota akasema ndicho chake akaaminiwa.

Kesi ilikuwa ya kiti kimoja cha kamba. Jirani mmoja alikikuta kimenasa kwenye miti ya mathenge, mwingine akasema ni chake tangu harusi yake. Mzee wa mtaa alisikiliza pande zote mbili, akachoka, akaamuru aitwe Babu. Akaja na dumu lake, akaketi. Akakipindua kiti miguu juu, akapitisha kidole kwenye fundo la mwisho, pale kamba inapofichwa. Kila fundi hufunga fundo lake kwa namna yake, na pale hapadanganyiki.

"Kiti ni cha huyu," akasema, akimwonyesha yule wa harusi. Mtu wetu akaruka kwa furaha, akawashukuru mashahidi wote, akamshukuru na Mungu.

"Na tangu hiyo harusi," Babu akaendelea, "hajanilipa."

Kikazuka kimya. Mwenye kiti akakitazama kiti, akamtazama Babu, halafu akamgeukia jirani aliyekiokota. "Kwa kweli," akasema, "nikikitazama vizuri, changu kilikuwa kirefu kidogo." Jirani naye, ambaye asubuhi nzima aliapa kwa jina la mama yake, akakumbuka ghafla kwamba chake hakikuwa na kamba kabisa. Mzee wa mtaa akaahirisha kesi hadi mwenye kiti apatikane, na mpaka apatikane, akaagiza, Babu akikalie yeye.