Kalamu Haili Wali

Duniani, takriban mtu mmoja katika kila kumi ana shoto. Kwa hesabu hiyo, darasa la watoto 60 lina mashoto kama sita, na kwa miaka mingi shule zetu zimewapokea hao sita kama wahalifu waliokutwa na kidhibiti mkononi. Adhabu yenyewe ina mantiki ya ajabu. Mkono wa kushoto huchapwa kwa kuandika. Wa kulia, ambao haujafanya lolote, huamriwa uandike papo hapo, na mwandiko ukitoka makorokocho, nao unachapwa. Kengele ikilia, mikono yote miwili imeshaadhibiwa na insha haijaanza.

Watetezi wa desturi hii wana hoja nzito, nayo ni sinia. Mkono wa kulia ndio wa kula, kupokea na kusalimia. Wa kushoto una kazi zake msalani, na hakuna anayetaka kukutana nao kwenye pilau. Hoja hiyo naipokea kwa mikono miwili. Mtoto afundishwe kumega tonge kwa kulia, na hujifunza bila tabu kubwa, kwa kuwa tonge halidai hati nzuri. Lakini kalamu haili wali, wala haiendi msalani. Tena kioja kiko chuoni, yaani madrasa, ambako mara nyingi shoto haivumiliwi kabisa: herufi za Kiarabu hutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mwenye shoto mkono wake hutangulia kwenye karatasi safi, na wa kulia ndio hufuata nyuma ukihatarisha wino mbichi.

Wengine husema, mbona waliolazimishwa wengi wanaandika vizuri tu? Kweli, ila kilichohama ni kalamu, si shoto. Mpe mtu huyo kisu amenye viazi, au jiwe apopoe embe, uone mkono gani unatangulia. Mwanamfalme wa Uingereza aliyekuja kuwa Mfalme George VI alilazimishwa utotoni kuandika kwa kulia. Mwaka 1926 akacheza tenisi Wimbledon, raketi ikiwa mkono wa kushoto.

Imebaki hoja kwamba dunia imetengenezwa kwa ajili ya wa kulia, hivyo bora mtoto azoee mapema. Chukua dawati la watu wawili. Mashoto akiketi upande wa kulia, kiwiko chake hugongana na cha jirani, na herufi "a" inaota mkia hadi mstari wa tatu. Mhamishie upande wa kushoto, kila kiwiko kinapata njia yake, na serikali haijatumia hata senti moja. Isitoshe, mwalimu anayechapa mkono asubuhi ndiye anayesaka winga wa mguu wa kushoto jioni kwa udi na uvumba, na Mohamed Salah akifunga kwa mguu huo, hamwambii arudie kwa ule wenye adabu.