Hotuba ya Mbuzi na Makro, Iliyotolewa Bura

Enyi waheshimiwa makarani wa skimu, wazee wa zamu za maji, nawe kijana uliyekalia kiti cha kompyuta ilhali wazee wamesimama, nitegeeni masikio, kwani aliye mbele yenu, aliyepanda basi kutoka Garsen alfajiri pasipo kustaftahi, ndiye bingwa wa elimu ya makro katika bonde zima la Tana. Na ubingwa huu sikutunukiwa na chuo, bali niliugundua mwenyewe.

Makro ni amri zilizofichwa ndani ya jedwali ili kompyuta itende yenyewe lile ambalo mkono haukulitenda. Ziko za hisani, zijumlishazo ekari na magunia. Na ziko za khiyana, mfano wa Laroux ya mwaka 1996, iliyokuwa ikiambukiza majedwali ya Excel moja baada ya jingine. Leo mkulima akipakia jedwali lake kwenye tovuti ya skimu, yawezekana amepakia na mgeni asiyemjua.

Nanyi watu wa Bura hamhitaji kufundishwa habari za wageni wa namna hiyo. Mti wa mathenge uliletwa kwa nia njema, uwe kuni na kinga ya upepo. Mbuzi akala ganda lake tamu, mbegu ikapita tumboni salama, na kesho yake miche ikachomoza ukingoni mwa mfereji. Wenzetu wa Baringo, meno ya mifugo yao yalipooza kwa utamu ule, walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. (Hakuhojiwa, nami naona haki haikukamilika.)

Basi faili ni mbuzi, na makro ni mbegu iliyo tumboni. Mjinga hutazama jina: tangu Excel ya 2007, xlsx haibebi makro na xlsm hubeba, naye karani akaridhika. Lakini jina ni chaki tu ubavuni mwa mbuzi, hufutika kwa kidole! Hata kivinjari kinapoieleza seva aina ya faili, aghalabu kimelisoma jina lile lile, kikawa shahidi aliyesimuliwa.

Mimi huanza na baiti za mwanzo. Zikiwa PK, herufi za marehemu Phil Katz aliyebuni zipu, hilo ni gunia: nalifungua pasi na kuigusa Excel, namtafuta vbaProject.bin, mbeba makro, na kwa kuwa hata yeye aweza kubadilishwa jina, naisoma orodha ya aina za vilivyomo, ambayo gunia lenyewe hulazimika kuibeba. Zikiwa D0 CF 11 E0, hilo ni faili la kikale, nalo lina vyumba vya ndani vya kupekuliwa. Wala msisahau makro za Excel 4.0, za mwaka 1992, ambazo hukaa katika karatasi zao wenyewe bila kuihitaji VBA, lugha ya makro zilizofuata, zikampita mlinzi huku akisalimiana nazo. Ama jedwali jipya lililofungwa kwa nywila, huvikwa joho la lile la kikale, na ndani hapaonekani kitu. Hilo lirudishwe kwa mwenyewe, hata akiwa shemeji wa mwenyekiti.

Kijana ananinong'oneza kwamba Mfaransa Philippe Lagadec amekwisha kuandika programu iitwayo olevba, iyafanyayo mengi ya haya bila hotuba. Naam. Nilikuwa naelekea huko.

Haya, tujaribu mbele ya kadamnasi. Chukua faili lolote. Chukua hata langu, dai la posho ya safari nililolipakia asubuhi, faili safi la bingwa. Umelipitisha? Limekataliwa? Soma tena jina lake, kijana, linamalizikia xlsx, nililiandika kwa mkono wangu... Baiti ni D0 CF? Mna makro inayojiendesha faili likifunguliwa? Usiisome kwa sauti. Nimesema usiisome kwa sauti! Hizo siku mbili zinazojiongeza kila karani alifunguapo ni... ni siku za vumbi, waheshimiwa, barabara mnaijua. Mwenyekiti, kama sikosei, nimesikia vikombe vya chai.