Kitunguu Kisichotoa Machozi

Baba yangu alichapwa fimbo nne kwa ajili ya ua ambalo hakuwa amewahi kuliona.

Ilikuwa miaka ya 1950, shule ya kati, na kosa lake lilikuwa kusahau ubeti mmoja wa shairi la Mwingereza William Wordsworth kuhusu maua ya dafodili. Mwalimu aliwakaririsha shairi zima bila kuwaambia dafodili ni kitu gani. Wanafunzi wakabaki kubishana wenyewe. Kundi moja lilisema ni ndege, kwa kuwa katika shairi yanachezacheza kwenye upepo. Kundi la pili lilisema ni ng'ombe wa kizungu, kwa kuwa ni mengi na yako kando ya ziwa. Baba alikuwa kundi la ng'ombe.

Shairi lenyewe hakulisahau tena. Mpaka leo, huko kwake Mbozi, akipewa nafasi ya kusema neno kwenye shughuli yoyote, hulitoa lote kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kinyiha. Alilitoa hata siku ya kupokea mahari ya dada yangu. Wakwe walisikiliza kwa adabu, kisha mshenga wao akauliza kwa wasiwasi kama hayo ni masharti ya nyongeza.

Mwaka jana nikajiapiza: mzee hatafumba macho kabla sijamwonyesha dafodili.

Mimi ninaishi Tunduma, mpakani na Zambia, na Tunduma hakikosekani kitu. Ukikikosa, ujue bado kiko kwenye foleni. Nina kiduka cha vipuri vya malori kando ya barabara kuu, na wateja wangu ni madereva wanaotoka Durban, Lusaka na Lubumbashi. Nikamwagiza mmoja wao aniletee dafodili kutoka Johannesburg. Akatoa kalamu ya sikioni, akauliza, "Ya Scania au ya FAW?"

Mwishoni mwa Machi akarudi na pakiti moja, pamoja na karatasi zake zote za ukaguzi wa mimea, maana hapa mpakani hata kitunguu kinatembea na nyaraka. Ndani mlikuwa na matunguu 20. Wordsworth na dada yake Dorothy walipotembea kando ya ziwa la Ullswater tarehe 15 Aprili 1802, kwa hesabu ya shairi yale maua yalikuwa elfu kumi. Nikajipa moyo kwamba hata elfu kumi huanza na ishirini.

Hapo ndipo neno "tunguu" lilipoanza kuniponza. Bwana shamba akiliona dafodili kabla halijachipua, ataliita tunguu. Mtu mwingine yeyote ataliita kitunguu. Lina umbo lilelile, ganda lilelile la kahawia linalochanika kama karatasi, hata ndevu zilezile chini.

Maelezo kwenye pakiti yalisema lipandwe msimu majani yanapopukutika. Huku kwetu mkoani Songwe tuna mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, baridi ya Juni na Julai, halafu vumbi. Majani hupukutika siku mbuzi wa jirani akikata kamba. Nikampa binti yangu simu apekue, akarudi na habari nzito: dafodili halitoi ua mpaka lipigwe na baridi kwanza, wiki 12 hadi 16, chini ya nyuzi 9. Ua lenyewe limeshaumbika mle ndani tangu msimu uliopita. Linangoja baridi tu. Nikamwelewa mara moja: ni lori lenye mzigo kamili, linasubiri muhuri.

Baridi ya Tunduma inatosha kumvalisha dereva makoti mawili, lakini ikifika saa nne asubuhi imeshakwenda zake. Ikabaki friji, na friji ni ya mke wangu, ambaye huuza humo barafu za ubuyu na juisi. Nikawasilisha ombi. Akanitazama kwa muda.

"Kimondo cha Mbozi kina tani na tani," akasema, "kimetoka mbinguni, kimeanguka hapo Ndolezi, na hakijawahi kuomba nafasi kwenye friji yangu."

Baada ya mazungumzo marefu nikapewa droo ya chini, kwa ubia na maparachichi. Nilishukuru sana. Sikujua kwamba tunda likiiva hutoa gesi, na gesi hiyo huua ua changa likiwa bado tumboni mwa tunguu. Kwa hiyo nilikuwa nimewalaza wagonjwa wangu wodi moja na muuaji.

Wiki ya pili akaja mama mkwe na mpwa wa mke wangu. Mimi nilikuwa bafuni, povu kichwani, niliposikia sauti ya yule binti kutoka jikoni:

"Shangazi, kitunguu gani hiki? Nakata, nakata, hakitoi machozi!"

Msomaji, dafodili lina sumu. Ukila tunguu lake utatapika mpaka ujute kuzaliwa. Mwaka 2015 idara ya afya ya Uingereza iliwaandikia wenye maduka makubwa wasiyapange maua haya karibu na mboga, kwa sababu watu walikuwa wakiyapika. Kama wenye ua lao wanalikosea, mtoto wa watu kutoka Mlowo angefanyaje? Nilitoka mbio na taulo, nikakatiza sebuleni mbele ya mama mkwe, nikalidaka bakuli la kachumbari, nikalimwaga uani pamoja na nyanya, pilipili na heshima yangu yote. Nilipogeuka, taulo ilikuwa imebaki kwenye kitasa cha mlango.

Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga na hajawahi kulizungumzia jambo hilo. Yule binti aliwashwa mikono mpaka jioni, maana utomvu wa dafodili una vichembe vikali vinavyochoma ngozi, ugonjwa wanaoujua vizuri wavunaji wa maua huko Ulaya. Matunguu mawili yalikuwa yamekatwa. Yakabaki 18.

Mwezi wa Mei umeme ulikatika siku kadhaa. Barafu za ubuyu zikayeyuka zikatiririka mpaka droo ya chini, na matunguu matano yakaoza yakiwa mekundu kama yaliyochinjwa. Yakabaki 13. Mke wangu naye alinidai hasara ya barafu, akidai kwamba friji ililemewa na mizigo ya watu.

Mwishoni mwa Juni nikayatoa. Nikachimba mashimo ya sentimita 15, ncha juu, ndevu chini, kwenye kijibustani changu cha upana wa mkeka. Maji nilinunua kwa dumu, maana Tunduma maji hayaji kwa kuitwa. Majirani walisimama kwenye uzio wakimtazama mwanaume mzima akimwagilia udongo mtupu kiangazi. Mmoja wao, mama mfanyabiashara anayevuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kila siku, hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu.

Jioni akaja peke yake, akashusha sauti. "Shemeji, usinifiche. Umeweza kuotesha chikanda."

Kwa wasioijua, chikanda ni viazi vidogo vya maua ya porini, yale ya jamii ya okidi. Wazambia huvitwanga, wakavichanganya na karanga, pilipili na magadi, wakavipika mpaka vishikane kama kipande cha nyama, kisha wakakata slesi. Kitamu kweli. Vya kwao vilipopungua, mahitaji yakavuka mpaka, na nyanda zetu za juu zikachimbwa. Watafiti walikadiria mwaka 2003 kwamba okidi zilizokuwa zikitoka Tanzania kwenda Zambia zinaweza kufika milioni 4 kwa mwaka. Kitulo, ile inayoitwa Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na biashara hiyo ni moja ya sababu. Kuvichimba porini ni rahisi. Kuviotesha nyumbani ndiko kulikowashinda watu, na mtu akiweza, atajenga ghorofa.

"Jirani," nikamwambia, "haya ni maua ya kutazama tu."

Akatabasamu kama mtu aliyejibiwa na mganga. Usiku ule matunguu manne yaling'olewa.

Siku mbili baadaye akarudi, mikono imevimba kwa kuwashwa, ameshika kifuko cha plastiki. Alikuwa ametwanga moja, likawa utelezi, halishikani hata kwa magadi. Mungu ni mwema, hakuonja. Akanikabidhi yale matatu yaliyosalia kwa masikitiko ya mteja aliyetapeliwa. "Shemeji, chikanda chako ni feki."

Nikayapanda tena usiku huohuo. Mawili yalioza na moja likakataa kuota, kwa hiyo nikabaki na yale tisa ambayo hayakuguswa. Mbuzi wa jirani alipokata kamba, aliingia moja kwa moja bustanini, akauma ncha moja iliyoanza kuchungulia udongoni, akaitema, akanitazama kwa dharau. Dafodili haliliwi na mbuzi, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli kwenye pakiti. Haikusema lolote kuhusu mbuzi kulilalia. Yakabaki saba.

Julai majani yalichomoza, membamba, ya kijani cha kupendeza. Kila apitaye alinipongeza kwa vitunguu. Nikangoja maua. Agosti ikaingia na upepo wake wa vumbi, na matunguu sita yakabaki majani tu. Wakulima wa Kiingereza huita dafodili la namna hiyo kipofu. Nikakumbuka maparachichi, nikanyamaza.

La saba likatoa kikonyo. Siku ya nne likainama shingo, na asubuhi moja nikalikuta limefunguka: la njano, upana wake haufiki kiganja cha mtoto, katikati lina kikombe kama tarumbeta ya harusi. Nilisimama pale na mswaki mdomoni mpaka dawa ikakauka. Nikampigia mzee simu.

Kutoka Mbozi hadi Tunduma si mbali, lakini foleni ya malori haiheshimu umri. Noah ya abiria ilimfikisha saa tisa alasiri. Binti yangu, kwa nia njema, alikuwa ameshalikata akaliweka kwenye glasi pamoja na mawaridi matatu, mezani, limpokee babu. Sikuwa na habari kwamba utomvu wa dafodili huyaharibu maua mengine likiwekwa nayo maji mamoja. Mzee alipoingia, mawaridi yalikuwa yameinamisha vichwa kama wafiwa, na dafodili limesimama katikati peke yake.

Baba akavua kofia. Akaizunguka meza nzima. Akainama, akalinusa.

"Linaliwa?"

"Haliliwi, Baba. Lina sumu."

"Linauzwa?"

"Hapa kwetu, hapana."

Akakaa. Akasema alipokuwa mchunga ng'ombe, bondeni kwao mvua zikianza kulikuwa na maua ya rangi ya waridi mpaka magotini, chini yake chikanda. Walichimba, wakala, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwauliza yanaitwaje. Sasa hayapo. Kisha akasimama, mikono nyuma kama mwanafunzi, akalikariri shairi lote mpaka mwisho, ule ubeti uliomponza akiupitia polepole.

Alipomaliza akaligusa ua kwa ncha ya kidole.

"Kwa hiyo ndiye huyu."

"Ndiye, Baba."

"Shairi linasema aliona mangapi?"

"Elfu kumi."

"Na wewe umeleta?"

"Moja."

Akapiga hesabu kwa midomo, akarudisha kofia kichwani. "Kwa yule mwalimu wangu, mwanangu, hizo ni fimbo elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Haya, mama watoto, chakula kiko wapi? Ila kachumbari msiniwekee. Habari zake zilishafika Mbozi."