Msiba Usio na Maiti

Mama mmoja mtu mzima, mwenye kanga mbili juu ya sweta na beseni la unga kichwani, alinisimamia juzi alasiri mlangoni pa kanisa kongwe moja baina ya Njombe na Makambako, akanikagua toka viatu hata miwani, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo hata sasa inanichoma kuliko tusi: “Kamwene, baba. Aliyetutoka ni nani?” Nyuma yake walikuja wanaume wenye majembe na sepetu, vijana waliojitwika kuni, na babu mmoja aliyebeba kidumu cha ulanzi ambacho, alipomwona mwinjilisti akitokea upande wa pili, alikitia chini ya koti lake refu kwa wepesi usiolingana na umri wake. Kijiji kizima kiliwasili kuzika, na wa kuzikwa hakuwapo.

Kengele ilikuwa imelia, basi. Na niliyeivuta ni mimi, kwa idhini, tena kwa kusihiwa na mzee mwenye funguo, ambaye baada ya kunionyesha matofali ya kuchoma, madirisha ya upinde na mabati yaliyopigwa kutu, aliona haya kuniachia niondoke bila kuonja fahari kuu ya jengo lile. “Vuta kidogo tu, mwanangu, uisikie,” alisema, kisha akatoka kwenda kumfukuza mbuzi makaburini.

Hapa sina budi kuieleza kengele, maana asiyeijua atadhani kwamba mtu huivuta ikalia na huiacha ikanyamaza, kama kengele ya baiskeli. Kengele ya mnara imefungwa kwenye gogo, na gogo lina gurudumu, na kamba imezungushwa katika gurudumu hilo. Avutaye kamba haigongi kengele, bali huibembeza, na ulimi ulio ndani ndio unaochelewa, ukajikuta unagongana na mdomo wa kengele. Ikishabembea inakuwa na ratiba yake yenyewe, haisikii maombi wala majuto, na kila inapokwenda upande wa pili huichukua kamba juu pamoja na kila aliyeishika. Mimi, kwa kutaka inyamaze, niliishika. Ilininyoosha mikono hata soli zangu zikaaga sakafu, ikanirudisha chini, na uzito wangu kwa kurudi kwake ukawa ni mvuto mpya, hivyo kwamba kadiri nilivyoizuia ndivyo nilivyoipigisha, polepole, mlio mmoja, kimya, mlio mmoja; na katika kijiji kile, kama nilivyofahamishwa baadaye na watu wengi kwa wakati mmoja, kengele ya ibada hupigwa mfululizo, na ya msiba hupigwa moja moja.

Na hata ningeipiga mfululizo, sidhani kama ningenusurika, kwa kuwa huzuni imo katika umbo lenyewe la kengele. Kengele njema huyeyushwa kwa shaba sehemu nne na bati karibu sehemu moja, na ikigongwa haitoi sauti moja, bali jamii ya sauti: iko nzito ya chini inayobaki ikivuma baada ya wenzake kwisha, iko ya juu inayowahi masikio, na katikati iko ile sauti ya tatu iliyopunguzwa nusu hatua, ambayo wanamuziki wa Ulaya huihusisha na nyimbo za maombolezo. Harusi hupigiwa kengele hiyo hiyo, na hakuna anayeuliza kwa nini bibi arusi analia. Tena dada zake zilizobaki Ujerumani, kengele hii ilikotoka, zilipatwa na balaa kubwa kuliko langu, maana katika vita ya kwanza ya dunia, hususan mwaka 1917, serikali ilizishusha minarani kwa maelfu ikaziyeyusha kwa ajili ya silaha, ilhali zilizopelekwa huku kwa Wabena zilisalimika kwa sababu ya umbali tu.

Umbali huo ndio ulionitia uchungu, na naomba msomaji anivumilie niache mzaha kidogo. Wamisionari wa Berlin waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakiongozwa na Alexander Merensky, walipita baharini, wakapanda mito ya Zambezi na Shire kwa mashua, wakateremsha mizigo penye maporomoko, wakaibeba nchi kavu, wakaipakia tena hata ziwani. Na kwa masimulizi ya yule mzee wa funguo, kengele ile ilifuata njia hiyo hiyo, kisha ikapandishwa milima ya Ukinga mabegani mwa watu. Mzigo wa mpagazi mmoja aghalabu ulikuwa kama kilo 30, na mzigo wa nguo au chumvi hugawanyika. Lakini kengele haigawanyiki. Ilining'inizwa kwenye mti, watu mbele na watu nyuma, mvua ya Ukinga juu na utelezi chini. Ukutani pana kibao kizuri chenye jina la mmisionari. La mpagazi hata mmoja halipo, wala la mchoma matofali, na wajukuu wao ndio hao waliosimama mbele yangu na unga, wakiwa wameacha viazi shambani.

Wala sheria haitawafaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua jengo kuwa la kale moja kwa moja ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863, na lililokosa mwaka huo lingoje kutangazwa kwa hisani ya waziri. Kilwa Kisiwani, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ilijengwa kwa wakati. Makanisa ya Ubena yote yalichelewa kwa zaidi ya miaka 30, na adhabu ya uchelewaji huo ni kuvuja. Gofu la Kilwa lisilosaliwa na mtu linalindwa, ilhali kanisa hili linalojaa kila Jumapili linatengenezwa kwa sadaka ya viazi.

Turejee matangani. Wazee walikaa faraghani chini ya mkaratusi, wakarudi na hukumu: watu wamekwisha kuja, kuni zimekwisha kuwaka, na unga uliotoka nyumbani kwa ajili ya msiba haurudi nyumbani, kwa hiyo msiba utaendelea. Katibu akafungua daftari la rambirambi, lenye nafasi ya marehemu na nafasi ya wachangiaji, na kwa kuwa daftari la msiba halipendezi likiwa na nafasi tupu juu, aliandika jina langu huko, kwa mwandiko mzuri ajabu. Nilichangia pia, nikaandikwa mara ya pili. Tulikula ugali na maharage hata jua likatua. Yule babu wa kidumu alinisifu kwamba hajapata kumwona marehemu mwenye hamu ya chakula kama mimi, na mwinjilisti, ambaye hakuwa ameandaa mahubiri, alihubiri vizuri sana juu ya kukesha.

Mapito mengine ya safari hiyo nayo hayakunihurumia. Yakobi, kituo cha misheni kilichoshambuliwa Septemba 1905 katika Vita vya Maji Maji, nilifika katika ukungu mzito kiasi kwamba nilisoma historia yake kwa kupapasa ukuta.

Kidugala, ambako wakimbizi wa Kipolandi walihifadhiwa wakati wa vita ya pili ya dunia, mbuzi alikula ramani yangu makaburini.

Makambako upepo ulinivua kofia mbele ya abiria wote wa stendi, ikashika njia ya Mbeya, nami basi langu lilikuwa la Songea.