Mchwa, Cheti cha Ubatizo na Shule ya Binti Yetu

Vita vya shule vilianza nyumbani kwetu Kizota jioni ambayo baba mkwe, bakuli la mlenda likiwa mbele yake, alitangaza kwamba mjukuu wake atasoma kwa masista na si pengine. Hakuna aliyempinga. Sote tulitaka shule ya Kanisa. Ugomvi ulikuwa ipi.

Wifi yangu wa Dar es Salaam alitaka Marian, Bagamoyo. Baba mkwe alitaka Kifungilo, kule Lushoto kwenye baridi, kwa sababu mtoto wa mwalimu mwenzake alisoma huko akatoka mtu. Mume wangu, mtunza stoo katika ghala la alizeti, alisema hapa hapa Dodoma tuna Huruma, tuna Maria De Mattias ya masista Waabuduo Damu ya Kristo, tuna St. Peter Claver ya Wajesuiti. Kwa nini mtoto wa miaka 13 apandishwe basi la kwenda mkoa asikomjua mtu? Baba yake akamwambia, "Wewe unaogopa nauli." Chakula kikaliwa kimya.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, na ni lazima nimtetee. Yeye ni wa kizazi kilichoziona shule za misheni zikichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Akisema "shule ya mapadre" anaiona Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 aishughulikie TANU. Pugu ni ya serikali tangu zamani, na shule nyingi za Kanisa tunazozigombania leo zilifunguliwa baadaye kabisa, na watu wengine, kwa ada nyingine. Nilimwambia kwa heshima, "Baba, shule unayoitaka haitoi tena fomu." Alicheka, lakini hakubadili neno.

Wifi silaha yake ilikuwa simu. Alikuwa amehifadhi orodha za shule kumi bora za miaka ya nyuma, na kila usiku alitutumia moja kwenye kundi la familia. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora Januari 2023, lakini orodha za zamani bado zinatembea kama hirizi. Mtoto mwenyewe alikuwa chumbani anasoma Kiingereza cha usaili, maana miaka saba amefundishwa kwa Kiswahili na mtihani wa kuingia unamsubiri kwa lugha nyingine. Kati yetu hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote.

Tukachukua fomu mbili, ya Dodoma na ya mbali. Zote zilitaka cheti cha kuzaliwa na, kwa watoto Wakatoliki, cheti cha ubatizo pamoja na barua ya paroko. Mama mkwe akaenda kuvuta sanduku la mbao chini ya kitanda chake, mahali ambapo karatasi za ukoo mzima hulala. Nikasikia ukelele.

Anayeishi Dodoma anamjua mchwa. Hapigi hodi. Alikuwa amepanda kupitia ufa wa sakafu, akatoboa ubao kwa chini, akajenga vichuguu vya udongo katikati ya karatasi zetu. Stakabadhi za zaka, barua za marehemu babu, picha za harusi, vyote vimekuwa unga mwekundu. Cheti cha kuzaliwa kilipona kwa kuwa kilikuwa kimefunikwa plastiki. Cha ubatizo kilibaki pembe moja, yenye nusu ya mhuri. Mama mkwe aliketi sakafuni akalia, na si kwa ajili ya shule. Alizililia zile barua. Mume wangu alikesha akinyunyiza dawa.

Binti yetu alibatizwa Kondoa, tulipokuwa tunaishi huko. Kondoa ni jimbo la Kanisa linalojitegemea tangu 2001, kwa hiyo mjini Dodoma hakuna wa kukusaidia. Unarudi kwenye kitabu. Kanisa linaitaka kila parokia itunze kitabu cha ubatizo, na hata kipaimara na ndoa huandikwa humo, pembeni mwa jina lako. Karatasi ya nyumbani ikiliwa, kitabu kipo. Nikapanda basi alfajiri.

Katibu wa parokia alifunua jalada kubwa, akapitisha kidole, akampata: tarehe, wazazi, msimamizi, sahihi ya padre. Ila jina la mtakatifu wake lilikosa herufi moja, h. Kwenye cheti cha kuzaliwa h ipo, na jina hilo la cheti ndilo alilosajiliwa nalo kufanya mtihani wa darasa la saba. Paroko akaniambia kwa upole kwamba kitabu hakifutwi. Atanipa cheti kama kilivyoandikwa, nami nitafute hati ya kiapo kwa wakili. Basi la kurudi lilikuwa limeshaondoka.

Nililala kwa mama wa jirani yangu wa Kizota, familia ya Kiislamu ya Kondoa mjini. Humo nikamkuta binti yao, muuguzi, aliyesoma kwa masista. Alinieleza jinsi matroni alivyowaamsha wale daku mwezi wa Ramadhani, na usiku alipoumwa malaria sista akakaa naye hospitali mpaka asubuhi. Kisha akanipa jambo ambalo orodha za wifi hazikuwa nalo. "Mama, usitazame waliofaulu kidato cha nne. Tazama waliokuwepo kidato cha pili, uone wangapi hawakufika."

Niliporudi tulifanya hivyo, mimi na mume wangu, kwenye tovuti ya Baraza. Matokeo ya kidato cha pili yanatoka kwa kila shule, na ya kidato cha nne miaka miwili baadaye. Unahesabu watahiniwa tu. Wachache wakihama ni kawaida. Lakini shule moja yenye sifa kubwa ilikuwa imepoteza watoto wa kujaza darasa zima. Walikwenda wapi? Waliambiwa wastani wao hautoshi, wazazi wakaitwa kuchukua magodoro. Daraja la kwanza linalopatikana kwa kuwaondoa watoto dhaifu silitaki, hata likiombewa rozari kila jioni. Shule ya Kanisa inapaswa kumbakiza hasa huyo.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ya mbali ilipita kiapo kikiwa bado kwa wakili. Wifi alikasirika, akatoka kwenye kundi. Usiku huo baba mkwe alimwita mjukuu wake, akamwuliza kwa mara ya kwanza anataka nini. Akajibu, "Babu, nataka shule ambayo na wewe utaweza kuja siku ya kutembelea." Mzee hawezi tena safari ya Lushoto. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi, ya Dodoma."

Amefaulu usaili, anaripoti Januari. Bagamoyo na Lushoto ziko palepale. Akifika kidato cha tano ataamua mwenyewe. Ninyi mlio na fomu mezani mwaka huu, mwulizeni kwanza mtoto, halafu hesabuni watahiniwa wa kidato cha pili kabla hamjasoma ufaulu wa kidato cha nne.