Jinsi ya Kumkatalia Shangazi Dafu

Anza na chupa. Kila asubuhi ijaze maji kiasi kile ulichoruhusiwa na daktari. Kwa wengi wanaosafishwa damu kwa mashine ni kama nusu lita, pamoja na kiasi cha mkojo wanaotoa bado. Ukinywa kikombe cha chai, mwaga kikombe kutoka kwenye chupa. Uji ni maji. Supu ni maji. Barafu ni maji, na tikiti ni maji yenye mbegu.

Kiu usipigane nayo, pigana na chumvi inayoileta. Ng'onda, chipsi na vile vidonge vya mchuzi, viage. Chakula kikolezwe kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Jihadhari pia na chumvi za dukani zinazosifiwa kuwa za afya: nyingine zimepunguzwa sodiamu zikajazwa potasiamu, na potasiamu ikirundikana mwilini husimamisha moyo.

Sasa shangazi. Atafika tu, na dafu mkononi, kwa kuwa kaambiwa linasafisha figo. Dafu lina potasiamu tele, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Mwamkie kwanza, kisha usimung'unye maneno: "Niwie radhi shangazi, hili litanisimamisha moyo." Akisisitiza "kidogo tu, mwanangu", liite toto lolote la jirani lilinywe mbele yake, nawe usifie utamu kwa sauti. Halafu mpe kazi, maana kilichomleta ni mapenzi, na mapenzi yakikosa kazi yatarudi kesho na ndizi mbivu. Mwombe yai, kuku au samaki mbichi wa kuchemsha bila chumvi: mashine huondoka na protini, kwa hiyo unaihitaji kuliko ulivyoihitaji kabla ya kuanza kusafishwa. Akitaka kupika viazi au muhogo, amenye, akatekate vipande vidogo, achemshe kwa maji mengi, ayamwage yote, ndipo aunge.

Harusi huangukia Jumamosi, katikati ya siku zile ambazo wengi hawana mashine hadi Jumatatu. Hapo ndipo maji na potasiamu hupanda zaidi. Nenda, cheza, kula pilau kidogo, achari waachie wenye figo zao. Usiku ukilala chali pumzi ikabana, au misuli ikalegea ghafla, usingoje Jumatatu. Mwamshe mtu, mwende hospitali usiku huohuo.