Simu Nayo Ina Fifi?

Msimu wa pamba ukifika Bariadi, televisheni haiangaliwi, inasikilizwa. Jioni gunia linamwagwa katikati ya sebule, kila mtu anavuta fungu lake: pamba safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule, macho chini. Ukiinua kichwa kumtazama steringi, fifi inaingia kwenye safi, na Shangazi ataigundua hata umeme ukiwa umekatika.

Kwa hiyo hapa nyumbani hakuna anayelalamikia kile ambacho walimu wa uandishi wa filamu hukilalamikia kila siku, kwamba wahusika wetu wanasema kila kitu. Unawajua. Mke yuko peke yake chumbani, amesimama mbele ya kioo: "Mimi Suzana, mke wa Joel kwa miaka kumi, leo nimegundua mume wangu anatembea na mdogo wangu Rehema, ambaye nilimlipia ada mwenyewe." Kioo hakikuuliza. Kisha analia, na ili tusidhani ni mafua, anaongeza: "Naumia sana."

"Nilijua tu," Shangazi akasema, mgongo ukiwa kwenye televisheni tangu taarifa ya habari. "Huyo Rehema sikumpenda tangu mwanzo." Sura ya Rehema alikuwa hajaiona. Alipogeuka kutafuta kikapu akamwona, alishtuka: "Kumbe ni mfupi!"

Tabia hii ina ukoo. Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza 1993 pale Radio Tanzania Dar es Salaam, ulilea masikio ya watu wengi, na redioni mtu asiposema kwamba anaingia, basi hajaingia. Kisha ukaja mkanda wa video na marehemu Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akatueleza hata yale tuliyokuwa tunayaona. Hakukosea. Kwenye kibanda umiza cha video daima kuna mtu aliyekaa nyuma ya nguzo. Bongo Movie za waigizaji akina Kanumba zikawakuta watazamaji tayari wamezoea kuelezwa. (Kanumba alizaliwa Shinyanga, na sehemu kubwa ya Simiyu, mkoa wetu, ilimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, mwaka huohuo aliofariki. Ukikaa vijiwe vya hapa usithubutu kusema si wetu.)

Sasa wakubwa wametufuata. Mwishoni mwa 2024 jarida la Marekani la n+1 liliandika kwamba waandishi kadhaa waliofanya kazi na Netflix huambiwa wamfanye mhusika atangaze anachofanya, ili aliyewasha kipindi huku akishughulika na mengine asipotee. Nikamweleza Shangazi.

"Na wao wanavuna mwezi huu?"

"Hapana, wanachezea simu."

Akafikiri kidogo. "Simu nayo ina fifi?"

Binamu yangu, anayesoma chuo Mwanza, aliamua kutustaarabisha. Akaja na flashi yenye filamu ya Ulaya, ya tuzo, ambamo mwanamke anatazama dirishani kwa muda wa kutosha kupika ugali.

"Imekwama?" Shangazi akauliza.

"Hapana mama, anawaza."

"Anawaza nini?"

"Ndiyo utamu wenyewe. Unatakiwa ukisie."

"Nikisie na pamba hii?"

Lakini ukimya una hila yake. Ukikosa cha kusikia, lazima utazame. Mmoja baada ya mwingine tukainua vichwa. Mikono iliendelea yenyewe, safi na fifi zikaoana bila mahari. Mjukuu aliyeachwa alinde maharage akatoka jikoni, akasimama mlangoni, akatutazama kwa macho makubwa yenye huzuni, hakusema neno.

"Mnaona?" binamu akanong'ona kwa furaha. "Uso peke yake unaeleza."

Ulikuwa unaeleza maharage. Moshi ulipofika sebuleni, sufuria lilikuwa limeshaamua.

Tulikula michembe na chai, na Shangazi akatoa hukumu: Suzana arudi kesho. Huyo wa dirishani akiwa na la kusema, atajua tunapokaa.

Kinachonichekesha ni kwamba Shangazi mwenyewe hasemi kitu. Anayemdai Suzana maelezo hadi ya ada ya shule, akiudhika husogeza kiti tu. Usiku ule mzee wa nyumba aliingia saa nne, kikao cha ushirika kikiwa kimekwisha tangu alasiri. Shangazi hakuinua macho.

"Umefika," akasema.

Mzee hahitaji Lufufu. Alivua viatu, akaketi sakafuni, akavuta fungu la pamba na kuanza kutenganisha fifi na safi. Maharage yaliyoungua aliyasifia mara mbili, na akaomba aongezewe.